Sindano ya Kirk Iko Wapi?

Asalaam aleikum, na hamjambo nyote mliofika jioni hii.

Tunazungumzia ugomvi wa mashabiki wa Star Trek, hadithi ya Kimarekani ya safari za anga za juu, iliyoanza kama tamthilia ya televisheni. Mwaka 2009 J.J. Abrams aliianza upya kwa waigizaji vijana, zikafuata filamu mbili, 2013 na 2016. Mpaka leo kuna wanaosema Kirk, nahodha wa chombo, na Spock, msaidizi wake, waliharibiwa, na kuna wanaowajibu kwamba wazee hawataki kipya. Wote huanza pabaya, maana hawapimi kwa pishi moja.

Tazameni hesabu. Tamthilia ya kwanza, 1966 hadi 1969, ina vipindi 79, kila kimoja kama dakika 50. Hizo ni saa 65 na zaidi. Juu yake kuna filamu sita za waigizaji wale wale, 1979 hadi 1991. Filamu ya 2009 ni dakika 127. Anayesema "Kirk wangu hakuwa hivi" anamlinganisha mtu aliyekaa naye robo karne na mgeni aliyepiga hodi saa mbili zilizopita. Tena Kirk anayemkumbuka mara nyingi ni yule wa filamu ya 1982, admirali mwenye miwani ya kusomea, si kijana wa 1966.

Sisi watu wa pwani mizani ya jambo hili tunayo: Fumo Liyongo, shujaa wa tenzi zetu. Kuna wanaosimulia kwamba aliuawa na mwanawe, wengine mpwawe, na watu hawagombani. Ule mkate wa wishwa uliofichwa tupa, mmoja ataupitia haraka, mwingine atakaa nao usiku mzima. Lakini jaribu kumuua Liyongo kwa mkuki, uone kama utamaliza hadithi. Sindano ya shaba, silaha pekee iliyoweza kumuua, haiondoki. Wala haliondoki lile goti alilopiga kisimani, upinde mkononi, watu wakaogopa kuteka maji wasijue amekwisha kufa. Kwa hiyo swali la kumuuliza anayelalamika ni hili: sindano ya Kirk ni ipi? Ya Spock je?

Ili kuipata, chukueni mhusika mmoja, tukio moja, na karatasi ya safu tatu: alifanya nini, kwa nini, kilimgharimu nini. Msiandike sifa. "Jasiri" na "mwerevu" zitabishaniwa mpaka alfajiri, lakini tendo liko kwenye kioo, kila mtu analiona.

Tuanze na Spock. Lalamiko kubwa ni kwamba mwaka 2009 anampiga Kirk mbele ya mabaharia wote, karibu amnyonge, na Spock, aliyelelewa kuzuia hisia, "hapandwi na hasira". Hupandwa. Katika kipindi kimoja cha 1967 Kirk anamtukana kwa makusudi mpaka Spock anamvamia, na mwaka 1966 tunamwona akilia kwa sababu hakuwahi kumwambia mama yake kuwa anampenda. Safu ya kwanza, basi, inafanana. Tofauti iko katika ya pili: zamani kulikuwa na ugonjwa, au mbegu za mmea zilizomlewesha, safari hii kuna msiba, mama amekufa na sayari yao imeangamia. Katika safu ya tatu, anatamka mwenyewe kwamba hafai kuongoza, anakabidhi chombo na kuondoka. Kwangu mimi sindano ya Spock ipo mahali pake.

Kirk ni kesi ngumu zaidi. Mwanzoni mwa tamthilia ya kwanza rafiki yake anamkumbuka kama mwalimu wa chuo aliyewabana wanafunzi kwa masomo. Huyu mpya tunamkuta akipigana kwenye baa. Filamu imetoa sababu: mwaka 2233 chombo kutoka wakati ujao kinaishambulia Kelvin, chombo alichokuwamo baba yake, na baba huyo anakufa dakika zile zile Kirk anapozaliwa. Katika historia ya kwanza baba aliishi hata akamwona mwanawe akiwa nahodha. Yatima akiwa mkorofi, hilo halina ajabu. Kasoro iko kwenye gharama. Mwanafunzi wa chuo, filamu haijaisha, amepewa chombo kizima! Kirk wa zamani alitumikia kwanza chombo kingine, Farragut, akiwa luteni. Hapa Mombasa mtu huteka maji ya ngama kabla ya kugusa usukani, na jahazi lile ni la mbao tu. Filamu ya 2013 inajaribu kurekebisha: ananyang'anywa chombo kwa kudanganya kwenye ripoti, lakini anarudishiwa bisi hazijapoa.

Hapo hapo ndipo pia ilipoanguka filamu hiyo ya 2013, iliyomrudisha Khan, adui wa filamu ya 1982. Mwaka 1982 Spock anakufa nyuma ya kioo, na kifo kile kina uzito wa miaka 16 ya watazamaji. Kumrudisha mwaka 1984 kulimgharimu Kirk mwanawe na chombo chake. Mwaka 2013 wamebadilishana nafasi: Kirk ndiye anayekufa, Spock anapiga kelele. Wamejuana kama mwaka mmoja, na damu ya Khan inamfufua Kirk kabla ya filamu kwisha. Tendo limenakiliwa, gharama imeachwa dukani.

Uhura, afisa wa mawasiliano wa chombo, kwa maoni yangu amepata faida, ingawa wapo wanaonuna kwa sababu ya mapenzi yake na Spock. Jina lake limetoka kwenye "uhuru" wetu, na 2009 ndiyo mara ya kwanza skrini kumtaja Nyota. Mwaka 1991 alionekana akipekua makaratasi ili aseme Kiklingoni, lugha ya Waklingoni, maadui wa sayari nyingine. Mwaka 2013 anawakabili Waklingoni uso kwa uso kwa lugha yao. Na hayo mapenzi si ya kubuni hewani: mwaka 1966 alikuwa akimwimbia Spock naye akimpigia kinubi.

Mkifanya zoezi hili wenyewe, jozi tatu za vipande zinatosha kwa jioni moja, kila kipande dakika nne au tano. Anzeni dakika moja kabla ya tukio, kwa kuwa vile vilivyokatwa mtandaoni huanza na ngumi, sababu imebaki nje. Onyesheni kipya kwanza. Ukitanguliza cha zamani, watu huingia na majonzi na kalamu haiendi. Na mtu asiseme neno kabla safu tatu hazijajazwa, la sivyo mwenye sauti kubwa atawajazia wote.

Basi tuzime taa. Kipande hiki ni cha 1966: kiumbe kinachobadili sura kinamjia Uhura kwa umbo la mwanamume na kumsemesha Kiswahili. Lafudhi isiwachekeshe mkasahau kuandika; haina safu yake.