Leso haipimi damu

Asalaam aleikum, wazee wangu na wanangu. Wale mlionisikia mwaka jana, vumilieni. Naanza na leso ile ile, na damu ya uzazi.

Hii hapa leso, na hii ni chupa ya nusu lita, maji niliyotia rangi nyekundu. Namimina yote. Haya, nimemwaga kiasi gani? Mama yule anasema kikombe kimoja. Hapa mbele wanasema "kidogo tu". Kila nikiuliza, jibu halifiki hata nusu ya ukweli! Leso inanyonya, godoro nalo linakunywa lake, mkunga anabaki kuona doa. Na nusu lita ndiyo mpaka wenyewe: mzazi aliyejifungua kwa njia ya kawaida akifika hapo, anavuja damu kupita kiasi. Mimba ikikomaa, mji wa uzazi hupitisha damu kama nusu lita au zaidi kwa dakika moja. Mtoto akishatoka na mji usijikaze, hayo ni mabomba yameachwa wazi.

Utaniambia, "Bibi, si ile damu chafu, acha itoke?" Hata mimi nilikuwa na maneno hayo. Usiku mmoja, katika zahanati ya kisiwani ambayo sitaitaja, mzazi anazungumza nami vizuri, ameomba chai ya tangawizi. Nikatazama leso ya juu, nikasema kawaida. Kuinua ya pili na ya tatu, nzito kama zimetolewa kwenye beseni la kufulia. Mikono yake baridi, anapiga miayo. Nje maji yamekupwa, mlango wa bahari wa Mkanda haupitiki, boti imekaa mchangani. Nikamsugua tumbo, mji ukaze, mpaka mkono ukaingia ganzi. Maji yalipojaa tukavuka.

Alipona, alhamdulillahi. Lakini mwaka mzima akipanda ngazi anakaa katikati kuvuta pumzi, na maziwa hayakutoka. Watu wakasema kapatwa na jicho. Jicho gani! Damu ilimwishia.

Basi mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti wa Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, wanawake zaidi ya 200,000. Mzazi aliwekewa chini mfuko wa plastiki wenye mistari ya kupimia, na damu ikizidi anapewa matibabu yote kwa pamoja, si moja kisha kungoja. Kuvuja kukubwa kukapungua kwa asilimia 60. Mfuko wa plastiki, jamani! Sikuomba helikopta.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Haraka basi. Sindano ya oksitosini, ile ya kukaza mji, inataka baridi ya nyuzi 2 hadi 8, na joto letu mnalijua; stima ikipotea, ulizeni habari za friji. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kusaidia damu igande, itolewe mapema, ndani ya saa 3 tangu kujifungua, ikipita hapo haina faida. Vidonge vya kuongeza damu mvimeze, msivitupe eti vinatia choo weusi. Mjamzito akitokwa na damu, hata bila maumivu, hangoji asubuhi. Kuchangia damu nilitaka kuwasema wanaume kwa kirefu, mmeponea leo.

Ila manahodha msiondoke. Nataka nambari ya mwenye boti wa zamu ya usiku, na saa za maji kujaa na kupwa za wiki hii, ziandikwe kwenye ukuta wa zahanati kabla hamjagusa mahamri. Na leso yangu nirudishieni. Hii itakuwa ya tatu kupotea.