Albamu ya kwanza kwa dola 3,500: najibu lile swali lenu

Habari zenu, jamani. Leo najibu swali moja tu, maana kila nikifungua komenti nalikuta: "Kaka, huko Marekani albamu ya kwanza inagharimu kiasi gani, na wasanii wanalipwa?" Najua nikitaja dola mtasema najimwambafai, nikitaja shida mtasema nalialia. Semeni tu. Mimi usiku nabeba maboksi hapa St. Louis, mchana nashika gitaa. Nasema ninachokijua.

Mastaa nawaacha. Nawapa bendi ya jirani. Ukivuka mto Mississippi ukaingia Illinois, kuna mji unaitwa Belleville. Huko ndiko walikotoka Uncle Tupelo, vijana watatu: Jay Farrar, Jeff Tweedy na mpiga dramu Mike Heidorn. Januari 1990 walikwenda Boston, studio ya Fort Apache, wakarekodi nyimbo 13 kwa siku 10. Gharama: dola 3,500. Albamu ikaitwa No Depression, ikatoka Juni mwaka huohuo kupitia lebo ndogo, Rockville.

Mliokulia nyumba zenye kanda za Jim Reeves, kantri mtaitambua humo ndani. Hata jina la albamu limetoka kwenye wimbo wa Carter Family, kundi la kantri la zamani, wa mwaka 1936. Ila gitaa linanguruma kama panki, ile roki ya fujo, linakatika ghafla, kimya, halafu linarudi na nguvu zote. Maneno ni kiwanda, chupa ya wiski, zamu ya usiku. Niliisikia mara ya kwanza nikiwa kwenye gari nje ya ghala, saa 11 alfajiri, mwili umechoka hasa. Sikuondoka pale mpaka ikaisha. Vijana wa miaka 22, 23, wameyajuaje haya?

Sasa pesa. Bendi ilivunjika 1994. Tweedy akaunda bendi ya Wilco, Farrar akaanzisha yake, Son Volt. Mwaka 2000 ndipo walipoishtaki Rockville kudai mrabaha, yaani mgao wao wa mauzo, wakapata fidia pamoja na haki za albamu zao tatu za mwanzo. Miaka 10, jamani! Albamu watu wanaiheshimu, imezaa vizazi vya bendi, na wenyewe wako mahakamani na makaratasi.

Mimi hilo linaniuma kwa sababu yangu. Mwaka juzi nilimpigia jamaa mmoja gitaa kwenye wimbo wake. Akanipa karatasi, "saini tu, ni ya kawaida." Nimetoka zamu, macho mazito, nikasaini. Wimbo unapigwa mpaka leo. Nilipata dola 80 basi, na nazo nikazijaza kwenye fomu ya kodi. Masta, yaani ile rekodi yenyewe, si yangu, jina langu halipo. Nimempigia simu, hapokei.

Simwambii mtu asisaini. Kila mtu na hali yake, pengine wewe utampata mtu mwema. Kwangu mimi, studio ya bei nafuu sikuiogopa kamwe. Naogopa ile karatasi, hasa palipoandikwa nani anamiliki masta na kwa miaka mingapi.

Na wewe mdogo wangu wa Tandika uliyenitumia picha za mkataba wako: ukurasa wa tatu hausomeki. Upige tena picha mchana, penye mwanga. Usisaini kabla sijakujibu.