Bamba la risasi kando ya mto Braan

ZUHURA: Msikilizaji, karibu tena. Mimi ni Zuhura, nipo Dar es Salaam, na mwenzangu yupo Edinburgh, Uskoti. Kaka Shaaban, shikamoo.

SHAABAN: Marahaba, dada. Habari za joto?

ZUHURA: Joto tumelizoea. Ulinitumia ujumbe kuhusu tai na bamba la risasi, nikausoma mara mbili. Hebu anzia hapo.

SHAABAN: Mwezi Mei 2020, watu waliokuwa matembezini kando ya mto Braan, huko Perthshire, hapa Uskoti, waliokota bamba la madini ya risasi lililokunjwa. Ndani yake kulikuwa na kile kifaa cha setilaiti ambacho watafiti humvalisha tai mgongoni wajue anaruka wapi. Mikanda yake ilikuwa imekatwa. Tai mwenyewe alikuwa ametoweka mwaka 2016, maeneo hayohayo.

ZUHURA: Kwa nini kikafungwa kwenye risasi?

SHAABAN: Risasi inaziba mawimbi. Kifaa hakiwezi tena kusema kipo wapi. Aliyefanya vile alijua kabisa kwamba kuna watu wanamfuatilia yule ndege, akahakikisha hawasikii kitu. Miaka minne watafiti walikuwa wanajiuliza kimetokea nini, jibu limelala mtoni.

ZUHURA: Lakini tai ana ugomvi gani na mtu?

SHAABAN: Ugomvi upo kwa ndege mwingine kabisa. Huku kuna jamii ya kwale, wanamwita red grouse, anaishi kwenye vilima vya baridi visivyo na miti. Kuanzia tarehe 12 Agosti hadi 10 Desemba watu wanaruhusiwa kumwinda. Na uwindaji wenyewe si wa kumnyatia. Wapo wasukumaji wanaopita kwa mstari wakipunga bendera, kwale wanaruka kwa makundi kuelekea waliko wapigaji, wamejibanza nyuma ya vizuizi na bunduki. Mtu analipa maelfu ya pauni kwa siku moja. Sasa ili makundi yawe makubwa kiasi hicho, mwenye ardhi anaajiri walinzi wa kuchoma nyasi na vichaka kwa zamu, na kuua mbweha na kunguru. Hayo sheria inaruhusu. Tai na mwewe nao wanakula kwale, lakini kuwaua hao hairuhusu, tangu sheria ya ndege ya mwaka 1954.

ZUHURA: Nikuambie kitu, kaka. Mimi nimelelewa na bibi anayefuga kuku. Mwewe akipita, nyumba nzima tunatoka tunapiga kelele. Kwa hiyo yule mlinzi namwelewa kidogo.

SHAABAN: Hata mimi namwelewa, na hoja yao ina ukweli. Kuna shamba la Langholm, kusini mwa Uskoti, ambako utafiti ulifanyika kati ya 1992 na 1997. Mwewe wa vilimani walipolindwa, wakaongezeka hasa, na biashara ya uwindaji pale ikafa. Ila palepale watafiti walijaribu kuwawekea mwewe chakula karibu na viota, na vifaranga vya kwale walivyobeba vikapungua sana. Njia ipo. Na bibi yako alikuwa anamfukuza mwewe ili mle. Huyu anauawa ili mgeni aliyelipa apate shabaha nyingi zaidi.

ZUHURA: Hapo sina la kumtetea. Huyo mwewe wa vilimani ndiye hen harrier?

SHAABAN: Ndiye. Dume wa rangi ya kijivu, majira ya kuchipua anapanda juu, anajipindua, anashuka kama anadondoka, anapanda tena. Akileta chakula, jike anaruka na kukidaka angani. Uingereza penyewe, yaani England bila Uskoti, kuna vilima vya kutosha mamia ya jozi, lakini mwaka 2013 hakuna kiota hata kimoja kilichofanikiwa. Mwaka 2019 ukatoka utafiti wa mwewe 58 waliovalishwa vifaa: asilimia 72 ama walithibitika kuuawa, ama ndilo jambo linaloelekea zaidi. Yupo mmoja walimpa jina Bowland Betty. Alikutwa amekufa mwaka 2012 huko Yorkshire, na kwenye mfupa wa mguu kulikuwa na chembe ya risasi.

ZUHURA: Risasi tena.

SHAABAN: Risasi tena.

ZUHURA: Na wanaopinga wamefanya nini?

SHAABAN: Mwezi Agosti 2014 walikusanyika bwawa la Derwent, huko England, mvua ikawanyeshea siku nzima, hawakuondoka. Mwaka 2016 mwanaharakati wa ndege, Mark Avery, alipata saini zaidi ya 123,000 za kutaka uwindaji ule upigwe marufuku, bunge likajadili, serikali ikakataa. Mwaka 2019 yeye na wanaharakati wenzake, Chris Packham na Ruth Tingay, wakaanzisha Wild Justice, shirika la kutetea wanyamapori. Mwaka 2025 wakarudi bungeni na saini zaidi ya 100,000, jibu likawa lilelile.

ZUHURA: Inakatisha tamaa.

SHAABAN: Kwa London, ndiyo. Huku Uskoti kimesogea kitu. Serikali ya huku ilichambua habari za tai 131 waliovalishwa vifaa, ikakuta 41 wametoweka kwa mazingira ya kutia shaka. Baada ya mabishano ya miaka, mwaka 2024 ikapita sheria: huwindi kwale bila leseni, na leseni inaweza kufutwa hata kama hakuna mtu aliyefungwa. Hili ndilo ninaloling'ang'ania mimi. Kwenye kilima kisicho na shahidi, ukisubiri umpate aliyevuta kifyatulio, utasubiri mpaka ndege waishe. Mshike mwenye kilima.

ZUHURA: Naona hata kwetu. Kenya simba akila ng'ombe, mzoga unatiwa sumu, na tumbusi wanaokuja kula wanakufa kwa makumi. Aliyetia hapatikani.

SHAABAN: Na sumu iliyotumika sana huko, kabofurani, ndiyo hiyohiyo iliyokutwa kwenye mizoga ya tai hapa Uskoti.

ZUHURA: Ileile?

SHAABAN: Ileile. Ulaya ilishaipiga marufuku, bado watu walikuwa wameificha mabandani.

ZUHURA: Basi kipindi kijacho tuzungumze na watu wa tumbusi. Na wewe, umewahi kumwona huyo mwewe akicheza angani?

SHAABAN: Bado, dada, na nimekaa huku miaka tisa. Mwezi Aprili, nikipata ruhusa kazini, napanda kivuko kwenda visiwa vya Orkney. Kule bado wapo.