Bastola Ni ya Mtu Mmoja, Gari Ni la Nyumba Nzima

Wazee wangu wa Tanga, ndugu zangu, na hasa akina mama ambao niliomba mje pamoja na waume zenu: assalaam alaykum, na habari za jioni kwa wote.

Habari za kuomba leseni ya bastola, ada zake na kuihuisha mnazijua, kwa hiyo sitazirudia. Nimekuja kwa jambo moja ambalo nimelisema Korogwe, nikalisema Muheza, na nitaendelea kulisema mpaka nione limesikika. Bastola ni ya mtu mmoja, yule aliyeandikwa kwenye leseni, lakini gari ni la nyumba nzima. Hupandwa na watoto, huendeshwa na mke, huazimwa na shemeji, hukabidhiwa fundi, na siku ya Jumamosi huachiwa kijana wa kuosha magari pamoja na funguo zake. Ukiiacha bastola humo, umewakabidhi wote hao bila kuwaambia.

Miaka kadhaa iliyopita rafiki yangu mfanyabiashara alinipa lifti, tukitoka hapa kwenda Korogwe arusini. Mbele tulikaa yeye na mimi, na nyuma alikaa mama yake mzazi na wajukuu wawili. Tulipofika Muheza tukasimama kununua machungwa, kama anavyosimama kila mpita njia. Bibi akataka kuwamenyea watoto, akauliza kisu kiko wapi, na rafiki yangu, ambaye alikuwa ameshateremka na anahesabu chenji na mwuzaji, akajibu bila kugeuka, "Kipo chini ya kiti changu." Kweli kisu kilikuwepo. Mjukuu mkubwa, mwenye umri wa miaka sita, akainama, akaingiza mkono uvunguni, akapapasa. Alichokitoa kilikuwa bastola, iliyokuwa imeviringishwa katika taulo dogo la kufutia jasho, na taulo likabaki kulekule chini.

Nataka muitazame mikono ya mtoto yule kama nilivyoitazama mimi. Hakuishika bastola kama mtu mzima anavyoishika, kwa sababu kiganja cha mtoto hakiuzunguki mpini na kidole chake cha shahada hakifiki panapotakiwa. Aliigeuza. Vidole vinne vya kila mkono vilikuwa nyuma ya mpini, vidole gumba vyote viwili vilikuwa juu ya kifyatuo, na mtutu ulikuwa unatazama tumbo lake mwenyewe. Kila ninaposimama mbele ya watu huinuka mmoja akaniambia kwamba kifyatuo ni kigumu, mtoto hawezi kukivuta. Bastola nyingi huhitaji nguvu ya kilo mbili na nusu hivi. Kidole kimoja cha mtoto kinaweza kushindwa, nakubali, lakini vidole gumba viwili vinavyosukuma kwa pamoja havishindwi, na mtoto anayesukuma kwa vidole gumba amejielekezea mtutu mwenyewe. Tafadhali, hoja hiyo ya ugumu wa kifyatuo nisiisikie tena.

Baba yake aligeuka, akafungua kinywa apige kelele, lakini bibi alimtangulia. Hakunyanyua sauti hata kidogo. "Mume wangu," alimwambia mjukuu wake, "hicho kizito, kilaze hapo kitini upokee chungwa lako." Mtoto akakilaza, akanyoosha mikono. Sijui nani alimfundisha mama yule, lakini alifanya sawasawa, kwa maana mtoto akishtuliwa hukaza vidole, na kukaza vidole ndiko tulikokuwa tunakuogopa.

Niliichukua, nikaielekeza ardhini mbali na watu, nikatoa magazini, kile kibweta cha risasi kinachoingia kwenye mpini, kisha nikavuta sehemu ya juu nyuma, na risasi moja ikaruka ikaangukia mchangani kati ya maganda ya machungwa. Rafiki yangu aliapa kwamba chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ilikuwa tupu, wala hakuwa anasema uongo. Usiku uliotangulia alikuwa ametoa magazini, akaridhika, asiikumbuke ile risasi iliyokwisha kupanda chemba, na asubuhi akairudisha magazini mahali pake. Kwa hiyo mnaposema, "Mimi huwa natoa magazini," mnanieleza nusu ya kazi. Magazini hutoka kwanza, chemba hufunguliwa baadaye, kisha hutazamwa kwa macho na kuguswa kwa ncha ya kidole, kwa utaratibu huohuo kila siku. Anayeanza na chemba akamalizia na magazini ameipandisha risasi nyingine kwa mkono wake.

Wala msidhani haya ni ya Muheza peke yake. Nchini Marekani, mwezi Machi mwaka 2016, katika jimbo la Florida, mtoto wa miaka minne alimpiga mama yake risasi ya mgongoni kupitia kiti alipokuwa anaendesha, na mama yule Mungu akamnusuru. Mwezi uliofuata, mjini Milwaukee, mtoto wa miaka miwili alimpiga mama yake barabarani kwa namna hiyohiyo, na huyo alifariki. Katika visa vyote viwili bastola ilikuwa chini ya kiti cha mbele, ikateleza mpaka kwenye miguu ya mtoto aliyekaa nyuma. Na yule mama wa Milwaukee hakuwa hata mwenye bastola: gari na silaha vilikuwa vya mwenzake, aliyekuwa mlinzi. Hapo ndipo ninapopasema siku zote. Mwenye silaha hakuwemo garini, silaha ilikuwemo.

Sasa najua mzee mmoja ananitazama na kujiuliza, je, majambazi wakinizuia njiani usiku, kasha lenye kufuli litanisaidia nini? Namjibu kwa heshima zote kwamba chini ya kiti pia haitamsaidia. Amefunga mkanda, tumbo limebanwa na usukani, mkono haufiki uvunguni, na akikanyaga breki kwa nguvu bastola huserereka, ama kwenda nyuma kwa watoto, ama kuja mbele na kukwama chini ya pedeli ya breki, ikamzuia kusimama. Anayeona lazima awe nayo karibu safarini, basi iwe mwilini mwake, katika ala ngumu inayofunika kifyatuo chote, na ishuke naye kila anaposhuka, hata kama ni kununua vocha tu. Isiwe katika mkoba wa mama, wala katika mfuko wa nyuma ya kiti, wala katika droo ya dashibodi ambamo watoto hutafuta pipi.

Kama haiwezi kuwa mwilini, kwa mfano unaingia mahali ambapo silaha hairuhusiwi, hapo ndipo pana kazi ya kasha. Liwe la chuma, lifungwe kwa bolti kwenye chuma cha gari au lizungushiwe waya wa chuma kwenye muundo wa kiti, kwa sababu kasha lisilofungwa huchukuliwa lote zima na mwizi akalivunjie kwake. Ufunguo wake usikae kwenye shada la funguo za gari, maana shada hilo ndilo unalompa mwosha magari. Iweke bastola kasheni nyumbani kabla ya kuondoka, si pale unapoegesha huku watu wakikutazama.

Mnisamehe, muda umekwenda, na yaliyobaki nayapitia haraka. Gari lililoachwa juani hapa kwetu huwa tanuri. Joto hilo halitalipua risasi, lakini likichanganyika na chumvi ya bahari na unyevu wa usiku, chuma hushika kutu upesi na risasi za siku nyingi hazitegemeki, kwa hiyo futeni na pakeni mafuta. Usiku bastola isilale garini kabisa, hata likiwa na king'ora, kwani kioo huvunjwa kwa sekunde chache. Ikipotea, nenda kituoni saa ileile, usianze kwanza kuwauliza majirani. Kabla ya kumkabidhi fundi au dereva gari, ingiza mkono wewe mwenyewe kila pahala, maana leseni ni yako wala haimlindi yeye akikutwa nayo njiani. Kuhusu kuwafundisha watoto nilikuwa na mengi. Wafundisheni wasiguse, wawaite wakubwa, lakini msilifanye fundisho hilo kuwa kufuli. Mtoto yule wa Muheza alikuwa amefundishwa, na siku ile alitumwa kisu.

Adhana ya Magharibi imekaribia. Kasha nililokuja nalo liko hapa mezani, na gari langu liko nje kwa anayetaka kuona bolti zilivyopita. Kabla hamjawasha magari yenu, nawaomba kila mmoja afungue mlango, apige magoti, aangalie chini ya viti kwa tochi, na mkewe awe amesimama pale pale akiona.