Tumbo Limeshiba, Ubongo Haujasikia

NEEMA: Karibuni tena. Leo tumekaa Kirumba, hapa Mwanza, na hizo kelele nyuma yetu ni za watu wa dagaa pale soko la Mwaloni. Kaka Doto, kuna jambo linaniuma tangu Jumapili. Nilikuwa kwa jamaa zetu. Mtoto wa miaka 7 kamaliza ugali na sato wake, kachukua kijiko, kaanza kukwangua ukoko. Shangazi yake kampiga kofi la mkono: "Mlafi wewe!" Mtoto analia huku anatafuna.

DOTO: Masikini. Dada, njaa haiamuliwi na tumbo peke yake. Chini ya ubongo kuna sehemu ndogo inaitwa haipothalamasi, na seli zake zina vipokezi, yaani vijisehemu vya kupokea ujumbe. Mafuta ya mwilini yanatoa homoni, leptini. Ikifika ikashika kwenye kipokezi, ubongo unajua akiba ipo.

NEEMA: Basi ni kama taa za wavuvi wa dagaa. Usiku wa giza unasimama hapa ufukweni, ziwa lote limewaka kama mji. Mchuuzi akiziona anajua asubuhi mzigo upo. Mwenye macho mabovu atasema hakuna aliyeingia ziwani.

DOTO: Hapo hapo! Taa ndiyo leptini, jicho ndilo kipokezi. Leptini iligunduliwa mwaka 1994, kwenye maabara ya Jeffrey Friedman kule New York. Baadaye watafiti Sadaf Farooqi na Stephen O'Rahilly, wa Cambridge kule Uingereza, wakapata watoto ambao miili yao haitengenezi leptini inayofanya kazi. Mmoja wao, wa miaka 9, alikuwa na kilo 94.

NEEMA: Kilo 94! Miaka 9!

DOTO: Na alikuwa anadai chakula muda wote. Wakamchoma sindano ya leptini kila siku. Kilichotulia kwanza ni hamu ya kula. Mwaka ulipoisha, zaidi ya kilo 16 zilikuwa zimetoka. Sasa niambie, ulafi unatibiwa kwa homoni?

NEEMA: Si wachomwe wote wenye uzito mkubwa?

DOTO: Haisaidii. Wengi wao leptini wanayo tele. Taa zinawaka, jicho halioni. Halafu kuna kipokezi kingine, MC4R, kinachousaidia ubongo kusema "inatosha". Mwaka 1998 ilionekana kwamba mtu akizaliwa nacho kikiwa na hitilafu, njaa humwandama tangu udogoni. Hata aliyejinyima akapungua, leptini inashuka, ubongo unadhani njaa imeingia nchini: unaongeza hamu, unabana matumizi ya nguvu.

NEEMA: Ndiyo maana rafiki yangu alipungua kabla ya harusi, kilo zikarudi. Tukasema hana msimamo. Nami nilisema.

DOTO: Huyo mtoto simhukumu, ukoko ni mtamu, watoto wengi wanaupenda. Ila kama ameongezeka uzito haraka tangu akiwa mchanga, na hata usiku anatafuta chakula, apelekwe kwa daktari wa watoto. Kofi halifiki kwenye kipokezi.

NEEMA: Jumapili narudi kule. Nitaongea na shangazi yake jikoni, kabla hawajapakua.