Simu inauliza kama ni wewe unayeingia, na wewe ulikuwa umelala: fanya hivi

Angalia skrini hii, nimeisogeza karibu na kamera uione vizuri. Ni simu ya Android, saa nane na dakika kumi na mbili usiku, na katikati ya kioo kuna swali: kuna mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti yako ya Google, je, ni wewe? Chini yake vitufe viwili, Ndiyo na Hapana. Hii ni picha ya skrini aliyonitumia shangazi yangu. Usiku huo swali lile lilimjia mara kumi na moja. Yeye anauza vitenge, alfajiri anatakiwa awe dukani, na asubuhi aliniambia maneno ambayo ndiyo yamenifanya nirekodi video hii: "Mwanangu, ilibaki kidogo nibonyeze Ndiyo ili inyamaze nilale."

Mwizi anayasubiri maneno hayo. Anatuma, anatuma tena, akijua kwamba binadamu huchoka.

Tuanze na la haraka, maana huenda unanitazama huku simu yako inaendelea kulia. Bonyeza Hapana. Usiisukume arifa pembeni ukadhani umemaliza. Ukibonyeza Hapana, Google inatambua kwamba jaribio lile si lako, inalizuia, na kwa kawaida inakuelekeza ubadilishe nenosiri. Kama umeelemewa na usingizi na unaogopa kidole kuteleza, zima data, zima Wi-Fi, laza simu kifudifudi ulale. Arifa isiyojibiwa haimfungulii mtu mlango, muda wake unaisha yenyewe.

Asubuhi, akili ikishatulia, jiulize: hii iliyokuja ni arifa ya aina gani? Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu watu wengi wanaruka hatua hii, halafu wanahangaika na tatizo ambalo si lao.

Aina ya kwanza ni hilo swali la Ndiyo na Hapana. Mara nyingi linakuja baada ya mtu kuandika nenosiri lako, na akaliandika sawasawa. Yaani lango la nje ameshapita, sasa yuko mlango wa ndani anabisha hodi. Kwa hiyo hata ukibonyeza Hapana mara mia, bado nenosiri lako liko mikononi mwake. Wakati mwingine swali hilo linatumwa pia kwa mtu anayedai amesahau nenosiri, lakini wewe chukulia kwamba analo. Ukikosea kwa kuwa mwangalifu hupotezi kitu.

Aina ya pili ni meseji yenye tarakimu sita, kama ile ya WhatsApp. Hiyo haihitaji mtu ajue siri yako yoyote. Anayeijua namba yako ya simu anaweza kuifanya ije, hata mtu mwema aliyekosea tarakimu moja alipokuwa akiandika namba yake mwenyewe. Ikija moja, ukaiacha, basi. Meseji ikikaa kwenye simu yako haina madhara. Madhara yanaanza ukimsomea mtu zile namba.

Aina ya tatu imejaa sana kwetu: meseji ya akaunti usiyoijua kabisa, labda inamtaja mtu usiyemfahamu. Laini isiyotumika muda mrefu, kampuni ya simu huichukua na kuiuza upya kwa mteja mwingine. Kama umenunua laini karibuni, huenda mwenye namba wa zamani aliiunganisha na Facebook yake na hajaiondoa. Huna la kufanya ila kutozitumia namba hizo. Lakini hebu igeuze habari hiyo upande wako: zile laini zako za zamani, uliyoitupa ulipohama mtandao, uliyoipoteza kwenye daladala, nani anazo leo? Nitarudi hapo, maana ndipo akaunti nyingi zinapopotelea.

Kabla sijafungua mipangilio, nizungumzie simu ya kupigiwa. Asubuhi ile ile shangazi alipigiwa na kijana mwenye adabu. Alimwita mama, akamwamkia, akasema yuko kitengo cha usalama. "Tumeona kuna watu wanakusumbua tangu usiku. Ikija tena bonyeza Ndiyo, sisi tuwazuie." Shangazi akamjibu angoje kwanza aongee na mwanawe, na kijana akakata.

Mbinu hiyo imewaangusha hata watu wa kompyuta. Septemba 2022 mvamizi aliingia kwenye mifumo ya Uber kwa njia hiyo hiyo. Alikuwa na nenosiri la mtu anayeifanyia kazi kampuni hiyo kwa mkataba, akammiminia arifa mfululizo, kisha akamwandikia WhatsApp akijifanya fundi wa kampuni na kumwambia akubali ili ziishe. Akakubali. Machi 2024 watu kadhaa wa Marekani wenye iPhone walieleza jambo kama hilo: arifa nyingi za kubadilisha nenosiri, kisha simu kutoka kwa anayejiita huduma kwa wateja ya Apple, akiomba namba zilizoingia kwenye meseji. Kwa hiyo shika hili: arifa usizoziomba zikifuatiwa na mtu mpole mwenye msaada, huyo mpole ndiye aliyezituma. Kata simu. Huhitaji kubishana naye wala kumtukana.

Siku hizi programu nyingi hazitosheki na Ndiyo. Zinakutaka uandike au uchague namba inayoonekana kwenye kifaa kinachoingia. Microsoft ililazimisha utaratibu huo kwenye programu yake ya uthibitishaji kuanzia Mei 2023, na Google nayo huutumia. Umesaidia sana, kwa sababu mwizi hawezi tena kusubiri kidole kiteleze. Lazima akupigie akutajie namba. Mtu akikupigia akasema "chagua 47", umeshamjua.

Sasa shika simu twende pamoja. Fungua Mipangilio, ile alama ya gurudumu lenye meno. Shuka hadi ukute Google. Kwenye Samsung na Tecno inakaa chini sana, usikate tamaa. Gusa Dhibiti Akaunti yako ya Google, halafu telezesha ile mistari ya juu hadi Usalama. Tafuta palipoandikwa Nenosiri. Nasema nenosiri kwanza, kabla ya kingine chochote, kwa sababu ndilo lililovuja.

La shangazi lilikuwa jina la mjukuu na mwaka wake wa kuzaliwa. Alilitumia kwenye barua pepe, kwenye Facebook, na kwenye duka moja la mtandaoni alikonunua viatu mara moja tu. Duka likiibiwa orodha ya wateja wake, wezi hulijaribu nenosiri lile lile kila mahali, na kompyuta ndiyo inayowafanyia kazi hiyo. Nilimwambia achague maneno manne yasiyohusiana, kama embe, ngalawa, kibiriti, Jumanne, ayaunganishe. Usitumie hayo niliyoyataja, tafuta yako. Ni rahisi kuyakumbuka na ni marefu mno kwa mtu kukisia. Na nenosiri la barua pepe lisitumike popote pengine, kwa sababu barua pepe ndiyo inayofungua akaunti nyingine zote.

Ukishalibadilisha, baki hapo hapo kwenye Usalama ushuke hadi Vifaa vyako. Gusa uone vyote. Hapa soma taratibu, kifaa kimoja kimoja, pamoja na tarehe ya mwisho kutumika. Kwenye orodha ya shangazi tulikuta simu tatu. Moja ni hii anayoitumia sasa. Moja ya binti yake, hiyo anaijua. Ya tatu ni simu aliyomuuzia fundi mwaka jana, na akaunti yake ilikuwa bado imo ndani, na picha zote na namba zote za wateja. Tuliigusa, tukachagua kuondoka kwenye akaunti. Kama unauza simu, ondoa akaunti kwanza, kisha ifute yote irudi kama ilivyotoka kiwandani. Orodha hii pia inaweza kukutoa wasiwasi: ukikuta kishikwambi cha mtoto au kompyuta ya ofisini ndiyo iliyojaribu kuingia saa zile, umepata jibu lako.

Wenye iPhone: fungua mipangilio, gusa jina lako pale juu kabisa. Sehemu ya kuingia na usalama ndipo penye nenosiri, na orodha ya vifaa iko chini ya ukurasa ule wa jina lako. Arifa ya Apple inakuja na ramani, usiitegemee sana. Inakisia kwa kufuata mtandao, hivyo unaweza kuwa Mbeya umekaa zako, ikakuonyesha Dar es Salaam.

Turudi kwenye zile laini za zamani. Kwenye ukurasa wa Usalama tafuta simu ya kurejesha akaunti na barua pepe ya kurejesha akaunti. Ukikuta namba uliyoacha kuitumia, itoe leo, uweke unayoishika sasa hivi. Ukikuta namba au barua pepe usiyoijua kabisa, jua mwizi alishaingia na akajiwekea mlango wake. Iondoe, kisha ubadilishe nenosiri tena. Fanya hivyo pia kwenye Facebook na Instagram.

WhatsApp. Fungua vidoti vitatu, Mipangilio, Akaunti, Uthibitishaji wa hatua mbili. Uwashe, uweke PIN ya tarakimu sita, na uongeze barua pepe ya kukusaidia ukiisahau. Baada ya hapo, hata mtu akizipata zile namba za meseji, bado atadaiwa PIN. WhatsApp itakuwa inakuuliza PIN hiyo mara kwa mara, na najua inakera, wengi wananiambia niwaonyeshe namna ya kuizima. Naomba usiizime. Inakuuliza ili usiisahau. Kisha rudi uangalie Vifaa vilivyounganishwa: ukikuta kompyuta usiyoijua, iguse uitoe.

Na kama WhatsApp yako imeshachukuliwa? Ingiza namba yako upya, subiri meseji, andika zile tarakimu sita. Wakati huo huo mwizi anatolewa. Kama alishaweka PIN yake, utasubiri siku saba ndipo uingie bila PIN, lakini katika siku hizo naye hayumo. Wapigie ndugu na wateja kwa simu ya kawaida uwaambie wasitume pesa.

Sehemu ya laini yenyewe wengi wanaisahau. Mwizi akikwapua simu yako, anatoa laini, anaiweka kwenye simu yake, na meseji zote za uthibitisho zinamfuata yeye. Kwenye mipangilio ya usalama ya simu yenyewe kuna kufunga kadi ya laini kwa PIN. Iwashe, lakini kwanza tafuta PIN iliyokuja na kadi yako, usibahatishe, maana ukikosea mara tatu laini inajifunga mpaka upate PUK, yaani namba ya kuifungulia. Pia ficha maneno ya meseji yasionekane kwenye kioo kilichofungwa.

Mtandao wako ukikatika ghafla wakati jirani mwenye kampuni ile ile anao, usikae kusubiri. Huenda kuna mtu amehamishia namba yako kwenye kadi yake. Azima simu, ipigie kampuni yako wafunge laini, kisha piga simu benki. Walioko Kenya wanaotumia Safaricom wanaweza kupiga *100*100# kuzuia laini isibadilishwe kwa wakala. Tanzania piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na meseji za matapeli zipeleke 15040. Huduma hiyo ni ya TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

La mwisho nifanye nawe. Rudi Google, Usalama, Uthibitishaji wa hatua mbili, shuka hadi misimbo mbadala. Utapewa kumi, kila mmoja una tarakimu nane na unatumika mara moja tu. Ndiyo itakayokuingiza siku simu ikiibiwa na laini ikiwa imefungwa. Usiipige picha ukaiacha kwenye simu hiyo hiyo. Chukua karatasi na kalamu. Shangazi aliiandika kwa mkono wake nyuma ya karatasi ya risiti, akaisoma tena kwa sauti mmoja mmoja huku mimi nikifuatisha kwenye kioo, akaikunja mara nne, akaitia kwenye bahasha ya hati ya kiwanja.