Kubadilishana biri bila kupunjana: thamani hupangwaje?

Karibuni watazamaji. Video hii ni ya watu wazima ambao tayari wanavuta na kuhifadhi biri, zile sigara zinazoviringishwa kwa majani ya tumbaku, na sasa wanataka kubadilishana na wenzao. Simshawishi mtu kuanza tumbaku.

Angalieni hapa mezani. Kushoto kuna biri tano za Kuba, zimekaa miaka mingi, hazina sanduku. Kulia kuna sanduku jipya la biri kumi za Nikaragua, halijafunguliwa. Mwenye tano anasema, "Zangu ni za zamani, tubadilishane tano kwa kumi." Je, ni haki? Tutapiga hesabu pamoja. Sitataja fedha ya nchi yoyote. Nitatumia namba tupu, wewe weka fedha yako.

Kabla ya hesabu, shika kanuni moja, maana ndiyo itakayotusaidia kila tukikwama: thamani ya biri ni kiasi ambacho anayeipokea angelipa leo ili aipate yeye mwenyewe, ikiwa katika hali ileile. Ulichokilipa wewe zamani hakihusiki. Ukiipewa zawadi, bado ina thamani. Ukiuziwa kwa bei ya kukomoa, hasara hiyo ni yako, usimbebeshe mwenzako.

Hatua ya kwanza: kubalianeni mnapima kwa bei ya soko gani. Watu wengi huruka hapa, halafu ugomvi unaanza. Biri ileile haina bei moja duniani. Uingereza, kwa mfano, hutoza ushuru wa biri kwa uzito, kwa hiyo bei ya dukani huko huipita kwa mbali ile ya Hispania. Mmoja akipima kwa bei ya London na mwingine kwa bei ya Madrid, wote wanasema kweli na bado hawataelewana. Chagueni soko moja, mlitumie kwa pande zote mbili.

Na iwe bei ya leo. Mwaka 2022 kampuni ya Habanos, inayouza biri za Kuba duniani, ilipandisha sana bei za Cohiba na Trinidad, chapa mbili za biri za Kuba. Aliyenunua kabla ya hapo akikuambia alilipa kiasi fulani, hakudanganyi, lakini kwa bei hiyo huzipati tena. Tena, biri za Kuba ziko chini ya vikwazo vya Marekani tangu 1962, kwa hiyo huko hazina bei halali ya dukani. Bei anayokutajia mtu wa huko ni maneno yake tu. Na kutumiana biri hizo kwa posta kuingia Marekani ni kuzipeleka zikakamatwe.

Hatua ya pili: tafuta bei ya biri moja. Chukua bei ya sanduku zima, gawanya kwa idadi iliyomo. Bei ya rejareja ya moja moja huwa juu kidogo, na hapo ndipo ujanja unapopita: mtu anahesabu zake kwa bei ya rejareja, zako kwa bei ya sanduku. Kipimo kiwe kimoja.

Tuhesabu za mezani. Za kushoto, sanduku la 25 leo ni 500, basi kila moja 20. Za kulia, sanduku la 10 ni 120, kila moja 12. Kwa hiyo tano za kushoto ni 100, kumi za kulia ni 120. Hapo bado hatujagusa umri.

Hatua ya tatu ni umri, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo maneno yanapokuwa mengi.

Umri peke yake hauongezi thamani. Biri nzito, yenye tumbaku kali, mara nyingi hutulia na kulainika ikikaa miaka. Nyepesi inaweza kufifia ikabaki kama hewa ya moto. Na yote hayo ni kama imehifadhiwa vizuri: unyevu wa asilimia 65 hadi 70, mahali pasipo na joto, bila kupandapanda na kushukashuka. Biri iliyokaa miaka kumi kwenye droo ni kuukuu tu.

Umri nao unahitaji ushahidi. Geuza sanduku la Kuba, tazama chini. Unaona muhuri huu? Mstari mmoja una herufi za siri za kiwanda, mwingine una mwezi kwa kifupi cha Kihispania na mwaka. ENE 14 ni Januari 2014, AGO ni Agosti, DIC ni Desemba. Hiyo ndiyo tarehe ya kufungashwa. Sasa hizi tano hazina sanduku. Mwenyewe anasema ni za 2014, na mimi namwamini, lakini atakayezipokea akitaka kuzibadilisha tena hatakuwa na cha kuonyesha. Ndiyo maana nyongeza ya umri hupungua biri zikitolewa sandukuni. Ukizitoa, angalau piga picha ya muhuri huo kwanza; mali bila daftari hupotea bila habari.

Je, nyongeza ni kiasi gani? Usiitoe kichwani. Tafuta sanduku la aina hiyo, la mwaka huo, lililouzwa mnadani hivi karibuni. Nimesema lililouzwa. Bei anayoitaka mtu ni ndoto yake, yeyote anaweza kuandika namba anayoipenda. Ongeza na ada ya mnada anayolipa mnunuzi, maana nayo imetoka mfukoni. Tuseme sanduku limefika 650 pamoja na ada: kila moja 26. Lakini zetu hazina sanduku, kwa hiyo naweka katikati ya 20 na 26, yaani 23. Hiyo ni hukumu yangu. Wewe ukisema 22, sitagombana nawe.

Hatua ya nne: kagua kila moja kwenye mwanga. Ishike taratibu, izungushe. Sogeza kamera hapa. Hii ya tatu ina ufa kwenye jani la nje, unaanzia karibu na kichwa, yaani ncha ya mdomoni, na kupita chini ya pete ya karatasi. Ukiiwasha, ufa utafunguka na moshi utavuja. Inavutika, lakini si ya thamani kamili. Naiandikia 10. Ufa mdogo ulioko ncha ya kuwashia nisingeujali sana, maana unaungua mapema.

Tafuta pia tundu dogo la mviringo, kama limetobolewa kwa sindano. Huyo ni kidudu cha tumbaku. Biri yenye tundu thamani yake ni sifuri, na zilizokaa nayo zina shaka mpaka zigandishwe kwenye friza ili vidudu vife. Ukiona unga mweupe, mwenyewe atakuambia ni mafuta ya tumbaku, dalili ya ubora. Mara nyingi ni ukungu. Kama una manyoya au umeota kwa madoa, usiipokee.

Kuhusu bandia nitasema moja tu, kwa sababu bado inawanasa watu: Cohiba halisi haiji kwenye sanduku lenye kifuniko cha kioo. Ukioneshwa hilo, mazungumzo ya thamani yameisha.

Saizi nitaipitia haraka. Unene hupimwa kwa sehemu za 64 za inchi. Biri ya 50 ni kama milimita 20. Msidhani nene ndiyo ghali. Lancero ya Cohiba, biri ndefu nyembamba, ina unene wa 38 tu, na inaziacha nene nyingi mbali kwa bei. Kulinganisha kwa kupima uzito mkononi ni mchezo wa watoto.

Haya, tujumlishe. Kushoto: nne kwa 23 ni 92, na yenye ufa 10, jumla 102. Kulia: 120, sanduku limefungwa, tarehe inasomeka. Tofauti ni 18. Mwenye tano aongeze biri moja yenye thamani karibu na hiyo, au wa kulia abaki na moja na nusu, na kwa kuwa nusu haikatwi, abaki na moja. Mkikaribiana kwa kiasi kidogo, acheni. Anayefukuzia tofauti ya mwisho hapati wa kubadilishana naye mara ya pili.

Mkibadilishana kwa posta, gharama yake iandikeni pembeni, kila mtu alipe ya mzigo wake. Kama mmoja ni mgeni na mwingine anajulikana kwa uaminifu, mgeni ndiye hutuma kwanza. Kama mnalingana, tumeni siku moja.

Mzigo ukifika, piga picha kabla hujafungua mfuko, kisha kagua siku hiyohiyo na umwambie mwenzako ulichokuta, kizuri na kibaya. Usizichanganye na zako mara moja: ziweke kwenye mfuko wake na kipakiti cha unyevu, wiki mbili hivi, uangalie kama kuna tundu jipya au vumbi la kidudu. Na usiwashe hata moja siku ya kwanza kisha ukalalamikia ladha. Safari huzikausha au kuzilowesha, ziache zitulie kwanza.